Spika za Baa Katika Nyumba ya Sokoro

Ule utomvu mweusi haukutoka kwa sabuni. Ulitoka kwa mafuta taa, na hata hivyo mwingine ukabaki chini ya kucha hadi jioni. Nilikuwa nimeingiza kidole kwenye spika ya zamani ya marehemu baba yangu, pale ambapo sponji laini huizunguka ile karatasi ya katikati. Nilitarajia kugusa sponji. Nikagusa kitu kama lami iliyochanganywa na asali, kikanifuata mkono. Sponji ya spika ikizeeka sana huoza hivyo. Kutoka ndani ikaja harufu ya mkojo wa panya, ya mende, ya karatasi iliyowahi kulowa, na chini ya hizo zote harufu ya pombe iliyomwagika zamani mno. Nilitoka nje nikatema mate kwenye majani.

Ndugu yangu mdogo, Nyabuto, ndiye aliyenipigia simu nije. Tulikuwa tumemzika Tata, yaani baba yetu, wiki chache tu zilizopita, na kijana mmoja wa Nyanchwa alikuwa ameshasikia habari za spika hizo. Kijana huyo hukusanya spika za zamani, huzirekebisha na kuziunganisha na amplifaya za umri wao. Anasema za siku hizi zina kelele lakini hazina kifua. Sikumbishia. Siku ya mazishi tulikodishiwa spika nyeusi zilizopangwa juu hadi zikalipita paa la jikoni, na mtu mwenye kipaza sauti akatutangazia huzuni yetu wenyewe huku jenereta ikinguruma. Wageni walikula pilau wakiwa wameziba sikio moja. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, meno yakitetemeka mdomoni, nikifikiri kwamba huyu tunayemzika alihangaika miezi na miezi kutafuta sauti moja tu, na aliitafuta kwa ajili ya mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Sokoro. Sokoro ni babu kwa Kigusii, na huyu alikuwa baba yake Tata. Alikaa peke yake chini ya migomba katika nyumba yake ya zamani, kwa sababu nyanya alikuwa ametangulia. Sisi tulikaa juu, karibu na barabara, ambako laini ya stima iliyokwenda kwenye kiwanda cha chai ilipita. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda juu ya kifundo, kidonda kilichokataa kupona, na mimi, msichana wa shule ya msingi, ndiye niliyepewa kazi ya kukiosha. Kila jioni nilibeba karai, maji ya vuguvugu yenye chumvi, na vitambaa vilivyochanwa kutoka kwenye shuka kuukuu. Kitambaa cha jana kilikuwa kimegandana na nyama. Nilikimwagia maji hadi kilegee, nikakivuta polepole, na harufu ilifika kabla kitambaa hakijatoka. Ilikuwa na utamu kidogo. Utamu huo ndio ulionichukiza kuliko kitu chochote, ulikuwa kama wa ndizi iliyoiva hadi ikaanza kutoa maji. Kwa miaka mingi baadaye sikuweza kula ndizi mbivu, na watu wa kwetu walidhani nina maringo.

"Mke wangu, leo umechelewa," Sokoro alikuwa akisema, maana kwetu babu ana ruhusa ya kumtania mjukuu wake hivyo.

"Mimi sina mume mwenye mguu kama huu."

"Basi rudisha ng'ombe zangu."

"Ng'ombe gani? Wewe ulinioa kwa karai."

Alicheka hadi ugoro ukamtoka puani, na huo pia niliupangusa mimi.

Kitu kimoja kilinisumbua kuliko kidonda. Sokoro hakuwahi kuingia nyumbani kwetu. Alipanda kwa fimbo yake, akasimama uani mbali na mlango, akasafisha koo. Mama alitoka na kiti, akakiweka chini, akarudi ndani kabla mzee hajakaa. Hakumpa mkono. Hakumtazama usoni. Mvua ikinyesha, Sokoro alijibanza chini ya ukingo wa mabati karibu na dirisha, matone yakimlowesha magoti, na ndani kulikuwa na viti vitupu vilivyotandikwa vitambaa vya Mama vya kushona. Nikajumlisha mambo kwa akili yangu ndogo: ni mguu. Wanamwona mchafu, na kwa kuwa hawawezi kumgusa, wamenitupia mimi. Nilikichukia kile kidonda kwa pua yangu, lakini wazazi wangu niliwachukia kwa moyo.

Ile sauti aliyoitafuta Tata ilikuwa ndani ya santuri moja. Sokoro alikuwa na kaka aliyeitwa Makori, ambaye alipiga obokano, kile chombo chetu kikubwa cha nyuzi ambacho sauti yake hutoka chini kama fahali anayenguruma zizini. Watu wenye gari la kurekodi waliwahi kupita sokoni, wakamrekodi, wakaja kumletea santuri moja. Makori alikufa kabla sijazaliwa. Santuri ilibaki kwa Sokoro, imefungwa kwenye gazeti, na yeye hakuwa na mahali pa kuipigia. Tata alipopata kimashine cha santuri cha kubeba mkononi, chenye spika ya upana wa kisahani, alikiweka dirishani na kumwita baba yake uani. Sokoro alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Huyo si Makori," akasema. "Huyo ni nzi kwenye chupa."

"Ni yeye, mzee. Jina limeandikwa hapa."

"Jina ni lake. Sauti si yake."

Nadhani Tata angeliacha jambo hilo kama tabibu wa zahanati hangemwambia, wiki ileile, kwamba uozo wa ule mguu umeanza kupanda na mzee hatakaa sana. Nilisikia kwa sababu nilikuwa pale na karai langu, na watu wazima hudhani mtoto aliyeshika karai hana masikio. Tangu siku hiyo Tata alikuwa kama mtu aliyepoteza kitu nyasini. Alitaka baba yake amsikie Makori kabla hajafa, na amsikie sawasawa.

Baa moja mjini Kisii ilikuwa imefungwa, na vitu vyake vikauzwa. Tata alirudi na spika mbili juu ya pikapu iliyokuwa imetoka kushusha ndizi. Kila moja ilinifika kifuani. Sijui niseme nini kuhusu harufu yake. Kitambaa cha mbele kilikuwa kimekunywa pombe, moshi wa sigara na matapishi ya watu kwa miaka mingi, na kilipopigwa na jua kilitoa vyote kwa pamoja. Sisi ni Wasabato. Mama alisimama mlangoni na kanga puani.

"Hivi vitu vinanuka dhambi," akasema.

"Vinanuka baa," Tata akajibu. "Dhambi haina harufu. Ingekuwa nayo, kanisani hakungekalika."

"Havilali ndani ya nyumba yangu."

"Si vyako, si vyangu. Ni vya mzee."

Mama akaingia jikoni. Alileta ndoo, brashi na sabuni ya unga, akasugua vitambaa vile hadi maji yakatoka rangi ya chai ya rangi. Baadaye mende wakaanza kutoka nyuma ya spika, wadogo wa rangi ya kahawia, wakikimbia kwa aibu kama walevi waliofumwa na wake zao. Kuku wetu waliwala wachache, kisha hata kuku wakachoka.

Tata alianza kwa kuziunganisha spika na redio kaseti yetu. Zilinong'ona tu. Aliona kwamba redio ndogo haiwezi kuzisukuma, kama punda hawezi kuvuta lori. Akatafuta hadi akapata amplifaya kwa fundi mmoja wa Nyamache, chuma kizito chenye taa za kioo zilizochelewa kuwaka, cha umri mmoja na spika zenyewe. Kilipopata moto kilinuka vumbi la kuungua na kitu kingine ambacho baadaye tulikitambua kuwa ni mende waliokaangwa. Alikiunganisha na kile kimashine cha santuri, akabandika sarafu kwa gundi juu ya mkono wa sindano ili usirukeruke, na jioni moja akaishusha sindano katikati ya wimbo.

Vikombe vilitikisika kabatini. Sauti ilitoka sakafuni, ikapanda kwenye miguu yangu, ikanifika tumboni. Hata leo, nikiwa mtu mzima niliyesikia redio nyingi, sijui kingine kilichonishika hivyo. Tata alifungua dirisha, uso umemng'aa. Sokoro alikuwa pale nje chini ya mabati, mvua ikipiga.

"Unamsikia, mzee?"

"Nasikia ukuta," Sokoro alisema. "Ukuta wako unanguruma vizuri."

Ndipo nikashindwa kuvumilia. Nilimfuata Mama jikoni, nikamwambia maneno ambayo mtoto wa kwetu hamwambii mama yake. Nilimwambia mwacheni aingie, asikie, kama ni mguu nitaufunga vizuri, kama ni harufu nitakaa mimi katikati yenu. Nilitarajia kofi. Mama aliendelea kukoroga sima.

"Nani amekuambia tunamwonea kinyaa?"

"Humgusi. Humtazami."

"Mimi ni mke wa mwanawe, Moraa. Nyumba hii ina kitanda changu. Baba mkwe haingii, na mimi simshiki mguu. Hiyo ni heshima yake na yangu. Tumeikuta, na yeye akiwa kijana aliifuata kwa baba yake." Aliinua mwiko, akaukung'uta. "Vile vitambaa ukishavitupa kwenye ndoo, unadhani nani huvifua?"

Sikuwahi kujiuliza. Nilidhani vinajifua.

"Navifua kwa mikono hii. Kama ningeruhusiwa kushuka na karai, ungeona kama ningempa mtoto kazi hiyo."

Siwezi kudai kwamba nilielewa. Nilifikiri ni kisingizio kizuri. Lakini usiku huo niliitazama mikono yake akigawa mboga, na nilishindwa kula, kwa sababu kitu kilekile kilichonitapisha mimi yeye alikuwa akikifikicha kwa vidole bila kumwambia mtu.

Mzee hangeweza kupanda kuingia kwa mwanawe. Amplifaya haikuweza kushuka kwa mzee, kwa kuwa kule hakukuwa na stima. Tata alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kisha alirudi na mzunguko wa waya, akauvuta kutoka sebuleni kwetu, akaupitisha dirishani, akaufunga kutoka mgomba hadi mgomba, hadi ndani ya nyumba ya baba yake. Mashine ingekaa juu na kushughulikiwa na yeye. Spika zingekaa chini. Mwana anaruhusiwa kuingia kwa baba yake, kwa hiyo alizibeba mwenyewe, akaziweka pembeni mwa kitanda cha Sokoro, na mende waliobaki wakahamia huko bila kualikwa.

Mara ya kwanza haikufaa. Sauti ilifika, lakini ile ngurumo ilikuwa imepotea njiani, ikabaki kama mtu anayegonga debe mbali. Sokoro alisema nzi amerudi na ndugu zake. Mimi nilikuwa mjumbe, nilipayuka kutoka mlangoni kwenda juu, na Tata akapayuka kutoka dirishani kwenda chini. Alikagua kila fundo. Alidhani ni urefu wa waya, akadhani ni unyevu wa migomba. Mwishowe alishuka, akaweka kiganja mbele ya spika moja na kiganja kingine mbele ya ya pili, mimi nikaambiwa nipande nikashushe sindano. Nyaya zote zilikuwa za rangi moja, na katikati ya migomba alikuwa amezichanganya. Spika moja ilikuwa ikisukuma wakati mwenzake anavuta, zikawa zinanyang'anyana ile sauti ya chini hadi haipo. Aligeuza nyaya za spika moja, akapanda mbio kuchukua nafasi yangu.

Nilishuka na karai, kwa kuwa saa ya mguu ilikuwa imefika. Nilikuwa nimekwisha kufungua kidonda, maji yamekuwa ya rangi ya waridi, niliposikia spika zikikwaruza. Kisha, kabla ya obokano, mtu akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha Sokoro. Kilitoka ndani ya masanduku yale, kizito, chenye makohozi, kikatikisa kifua cha mtu ambaye hakuwapo chumbani. Kimashine kidogo hakikuwahi kukitoa. Mende wawili walidondoka kutoka nyuma ya spika, mmoja akanipita juu ya mguu, nami nilikuwa nimeshika nyama ya mtu na sikuweza kuruka. Obokano ikaanza. Nilimtazama Sokoro nione furaha yake. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyenusa mzoga.

"Mwambie baba yako azime."

Nikapayuka. Kimya kikaja.

"Ni spika?" nikamuuliza. "Ni ile harufu?"

"Huyo ndiye Makori," akasema. "Amekuja mzima." Aliutazama mguu wake. "Alikuwa na ugonjwa wa kifua. Alikohoa hivyo hadi akafa, na mimi sikutaka kula naye chungu kimoja. Mate yake yalinitia kichefuchefu. Nilikuwa nakaa mbali kama unavyokaa wewe sasa, shingo imegeuka, pua imefungwa. Tofauti ni kwamba wewe mkono umeuacha hapa. Mimi niliondoa hata mkono."

Nilikuwa nimegeuza shingo kweli, na sikuirudisha, kwa kuwa harufu ilikuwa bado ni harufu. Sikuwa mtoto mwema. Nilikuwa mtoto aliyetumwa.

"Sema arudie mwanzo," akasema. "Mwanzo tu."

Tata alirudia. Kikohozi kikaja, obokano ikagusa uzi wa kwanza, Sokoro akainua fimbo, nami nikapayuka azime. Tukafanya hivyo tena. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Juu kule Tata hakusikia chochote, maana spika zote zilikuwa huku chini. Yeye alisikia tu sindano yenyewe ikichakarisha juu ya santuri, sauti nyembamba ya wadudu, na binti yake akimwambia azime. Alidhani kazi yake imeharibika. Nilimkuta ameifungua amplifaya, vidole vyeusi kwa masizi, macho mekundu.

"Bado ni nzi?" aliniuliza.

"Si nzi. Anasema ni yeye kabisa."

"Basi kwa nini hataki wimbo?"

"Anataka pale anapokohoa."

"Nani anakohoa?"

Hakujua. Alikuwa amekitafuta kitu hicho miezi yote hiyo, na kilipopatikana yeye alikuwa upande usiosikika. Nilimwambia yote niliyoambiwa, kama nilivyoambiwa, pamoja na chungu na mate. Akavaa viatu.

"Nashuka," akasema. "Lakini nani atashusha sindano?"

Mama alikuwa mlangoni na beseni la kunde. Aliliweka chini, akaifuta mikono kwenye kanga, akaja akasimama mbele ya ile mashine ambayo hakuwahi kuigusa tangu iingie.

"Nionyeshe," akasema. "Inashikwa wapi?"

Tulishuka mimi na Tata. Aliketi kitandani karibu na baba yake, upande wa mguu, na nikaona pua yake ikikaza, lakini hakusogea. Nilipayuka kwenda juu kwamba tuko tayari. Sindano ilianguka vibaya kidogo, kisha Makori akakohoa kati yao.

"Umesikia?" Sokoro akauliza.

"Nimesikia, mzee. Anakohoa."

"Eeh. Anakohoa."

Obokano ikaanza. Nilitazama fimbo. Haikuinuka.

"Mwache apige," Sokoro akasema.

Nikaenda mlangoni, nikapayuka kupitia migomba kwamba Sokoro anasema umwache apige, na Mama akamwacha. Sauti ile ilijaa chumba chote, pamoja na uvundo wa baa na wa mguu, sikuweza kupokea kimoja bila kingine. Wimbo ulipoisha, sindano iliendelea kukwaruza mwisho wa santuri, kwaru, kwaru, na Mama kule juu alisubiri aambiwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwita aiinue.